Orodha ya kazi kwenye simu: itakutetea au itakushitaki?

 

Ndugu msomaji, sisi walimu wa dini tuna desturi ya kunyoosha kidole kwa wengine. Tunasema vijana wamepotea, wazazi wamezembea, matajiri hawatoi zaka. Leo nimeona nianze na nafsi yangu, kwani yaliyonifika yananihusu mimi kwanza, na sidhani kama ni mimi peke yangu.

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu katika seminari moja ya Kiislamu. Tangu nikiwa chuo kikuu nimekuwa mtu wa kusahau. Nikiahidi kupeleka kitabu, kitabu hakifiki. Nikiambiwa kikao ni saa kumi alasiri, nakumbuka baada ya magharibi. Miaka michache iliyopita mwalimu mwenzangu alichoshwa na visingizio vyangu, akachukua simu yangu na kuniwekea programu ya kupanga kazi.

Wengi wenu mnazifahamu programu hizi. Unaandika kazi yako, unaipangia siku na saa, unaiweka katika kundi lake: shule, nyumbani, msikiti, ibada. Muda ukifika simu inalia. Ukishaifanya unagusa kiduara kidogo, inatiwa tiki, inapigwa mstari na kuondoka machoni. Jioni unaonyeshwa umekamilisha kazi ngapi kati ya ngapi. Ile ambayo hukuifanya inabaki na rangi nyekundu, na hapo hapo kuna kitufe cha kuisogeza kesho. Unagusa mara moja tu, wekundu unatoweka.

Naam, nilifaidika. Maandalio ya masomo yakawa tayari kabla ya Jumatatu. Daftari za wanafunzi zikasahihishwa kwa wakati. Hata mke wangu alikiri kwamba sasa nikitumwa mchele narudi na mchele. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba nimeandika makala hii kuwakataza watu kupanga kazi zao. Sivyo hata kidogo.

Si jambo geni katika dini yetu

Wako ndugu ambao kila kinachokuja kwenye simu wanakiona ni cha watu wengine, hakituhusu. Ndugu hao nawakumbusha kwamba kuandika, kupanga na kujihesabu ni mambo ya kwetu tangu zamani. Sayyidna Umar bin Al-Khattab (RA) ndiye aliyeanzisha madaftari ya serikali ya Kiislamu ya kuorodhesha watu na haki zao, na katika utawala wake ndipo ilipopangwa kalenda ya Hijra tunayoitumia hadi leo. Ndiye pia aliyewahimiza Waislamu wajihesabu wenyewe kabla hawajahesabiwa, na wayapime matendo yao kabla hayajapimwa.

Na Mwenyezi Mungu, katika Suratul-Hashr aya ya 18, anawaamrisha walioamini wamche Yeye, na kila nafsi itazame imetanguliza nini kwa ajili ya kesho. Kesho inayokusudiwa hapo ni Kiyama. Wanazuoni wameitumia aya hii kuwa msingi wa muhasaba, yaani mtu kukaa na nafsi yake akaidai hesabu.

Aliyelieleza jambo hili kwa upana ni Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na mwaka 1111 Miladia. Katika kitabu chake cha Ihya ana mlango mzima juu ya mtu kuichunga nafsi na kuihesabu. Anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara aliyekabidhiwa mtaji. Asubuhi baada ya sala ya alfajiri unakaa naye mnawekeana masharti, mchana unamwangalia asije akaufuja, jioni mnakaa tena kufunga hesabu. Na mtaji wenyewe ni umri wako.

Kisha, katika mlango unaofuata, unaohusu tafakuri, anasema jambo ambalo nilipolisoma lilinishangaza. Anamshauri kila mwenye kuitafuta njia ya Mwenyezi Mungu awe na karatasi aliyoorodhesha sifa zinazoangamiza na sifa zinazookoa, na kila siku ajipime kwayo. Anasema kumi za kuangamiza zinatosha, na kumi za kuokoa zinatosha. Miongoni mwa zile za kuangamiza ametaja ubahili, kiburi, kujiona, riya, husuda na hasira. Kila mtu anapofanikiwa kuiacha moja, aipige mstari katika orodha yake, amshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumwezesha, kisha aigeukie nyingine. Neno la Kiarabu alilolitumia kwa karatasi hiyo ni jarida, neno ambalo sisi Waswahili tumelichukua kwa maana ya machapisho ya kusoma.

Mnaona? Zaidi ya miaka 900 iliyopita mwanachuoni wetu alikwisha kuielekeza orodha yenye kupigwa mistari. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Orodha ya Imamu Ghazali ilikuwa inauliza: wewe umekuwa mtu wa namna gani? Orodha iliyomo kwenye simu yangu ilikuwa inauliza: umemaliza mangapi? Hapo ndipo nilipoponea chupuchupu kuangamia, na sijui kama nimekwisha kupona.

Nilipoanza kuihudumia tiki

Ramadhani ya mwaka 2023 ilinikuta nikiwa fundi wa programu yangu. Nilikuwa nimeingiza kila kitu: sala tano na sunna zake, nyiradi za asubuhi na jioni, juzuu moja ya Qur'an kila siku, sadaka, tarawehe. Programu ilikuwa inanihesabia siku nilizofululiza bila kukosa, na nambari ile ilipokuwa inapanda moyo wangu ulikuwa unapanda nayo.

Watengenezaji wa programu hizi wanaijua tabia hiyo ya mwanadamu. Ile iitwayo Todoist, kwa mfano, inampa mtumiaji alama kila anapokamilisha kazi na kumpandisha daraja, na alama zenyewe wameziita Karma, neno lenye asili katika dini za Bara Hindi. Silalamiki juu ya jina. Ninachosema ni kwamba mtu akizoea kulipwa papo hapo kwa alama, husahau kungojea malipo ya Mola wake ambayo hayaonekani.

Dalili zilianza kujitokeza. Usiku wa manane nakumbuka sijamaliza juzuu, naamka naisoma mbio mbio, macho yako kwenye msahafu na moyo uko kwenye kiduara. Nikimaliza natia tiki, nalala. Ukiniuliza nimesoma nini, siwezi kukueleza. Siku moja nikajikuta nimetia tiki ya nyiradi za jioni, kisha nikawa najiuliza hivi nilizisoma kweli? Sikuzirudia. Tiki ilikuwa imekwisha kuwekwa.

Kisha likaja kubwa zaidi. Siku ya tano ya Ramadhani niliipiga picha skrini ya simu yangu, ikionyesha juzuu tano ndani ya siku tano na mstari wa tiki za kijani usio na pengo, nikaituma katika kundi la WhatsApp la walimu wenzangu. Nikaandika chini yake kwamba nawahamasisha ndugu zangu. Wakanijibu kwa mashaallah nyingi na vidole gumba. Ndugu msomaji, mimi ndiye ninayewafundisha vijana hadithi ya watu saba watakaofunikwa na kivuli cha Mwenyezi Mungu siku isiyokuwa na kivuli ila chake, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, na miongoni mwao ni mtu aliyetoa sadaka kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeujulisha wa kushoto, na walimu wote waliokuwemo kundini.

Kazi iliyosogezwa siku 19

Katika picha ile ile niliyoituma, ukiitazama kwa chini kabisa, kulikuwa na mstari mmoja mwekundu. Hakuna aliyeuona. Mimi mwenyewe sikuuona, ingawa ulikuwa pale. Uliandikwa hivi: "Kuzungumza na kijana wa kidato cha tatu."

Wiki mbili hivi kabla ya Ramadhani, mwanafunzi wangu mmoja alinifuata baada ya kipindi. Ni kijana mtulivu, si msemaji. Akasema, "Ustadhi, naomba nafasi nizungumze nawe, si hapa." Nilikuwa nawahi kikao. Nikamwambia inshaallah, nikatoa simu mbele yake, nikaandika. Nakumbuka alitabasamu alipoona naandika. Alijua kwamba jambo lake limeshikwa.

Kesho yake simu ililia. Nilikuwa nasahihisha, nikalisogeza. Siku iliyofuata nikalisogeza tena. Ile kazi haikuwa na muda maalumu, haikuwa na mkubwa wa kuidai, na haikuwa na alama yoyote katika hesabu zangu za ibada. Kila jioni niliipeleka kesho kwa kidole kimoja, na kwa kuwa wekundu ulikuwa unatoweka, nilijiona sina deni. Niliisogeza kwa siku 19.

Siku ya 20 niliingia darasani nikaliona dawati lake tupu. Wenzake wakaniambia ameondoka siku nne zilizopita. Baba yake alikuwa amepatwa na kiharusi, kazi imesimama, ada ya muhula haijalipwa. Kijana alikuwa anaona haya kumkabili mkuu wa shule peke yake, akataka mimi nifuatane naye kwenda kuomba familia ilipe kidogo kidogo. Hilo ndilo lililokuwa jambo lake. Nilipokwenda kwa mkuu wa shule akanisikiliza, akashusha pumzi, akasema, "Mwalimu, ungeniambia mapema tungempangia utaratibu." Ni mazungumzo ya dakika kumi.

Jumamosi yake nilipanda basi pale Mbagala Rangi Tatu kwenda Kibiti, alikopelekwa kwa bibi yake. Nikamkuta bibi uani anachambua mboga ya futari. "Shikamoo bibi." "Marahaba baba, karibu, karibu mwalimu." Alinitandikia mkeka wake mzuri, akamshukuru Mungu kwamba mwalimu ametoka mbali kuja kumwangalia mjukuu wake. Kila neno la shukrani alilolitoa lilikuwa linanichoma. Kijana akarejea kutoka kwenye karakana ya pikipiki alikopata kibarua, mikono imejaa oili. Nikamwomba radhi. Akainamisha uso, akasema, "Ustadhi, wala usijali. Nilijua una kazi nyingi."

Sijapata kusikia hukumu nzito kuliko hiyo, na ilitolewa kwa adabu.

Alhamdulillahi, ada ilipangiwa utaratibu. Lakini kufikia hapo familia ilikuwa imekwisha kumtegemea kwa kile kibarua, baba hajainuka. Kijana alirejea shule Januari 2024, akaanza tena kidato cha tatu. Wenzake walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka huo wa 2024, yeye akasubiri mwaka mmoja zaidi. Mwaka huo ni wa umri wake, ndio ule mtaji anaouzungumzia Imamu Ghazali, na uliopotea si wa kwangu. Sina namna ya kumrudishia.

Sura ninayowafundisha kidato cha kwanza

Usiku ule niliporudi kutoka Kibiti nilikumbuka Suratul-Maun. Ni sura fupi, aya saba tu, nawafundisha watoto wa kidato cha kwanza. Inaanza na mtu anayemsukuma yatima na asiyehimiza kumlisha masikini. Kisha inawaonya vikali wanaosali, lakini wakawa wameghafilika na sala zao, wanafanya ibada ili waonekane, na wananyima msaada mdogo mdogo.

Nikaitazama aya moja moja nikajiona. Kughafilika, nilisoma juzuu nzima bila kujua nimesoma nini. Kuonekana, niliituma picha. Kunyima msaada mdogo, nilimnyima kijana dakika kumi kwa siku 19. Na yote haya yalitokea katika wiki ambazo programu yangu ilinionyesha kwamba nimefaulu zaidi ya wakati wowote.

Swali la kujiuliza ni hili: ikiwa hesabu yangu inasema nimefaulu, na Suratul-Maun inasema vingine, ipi itakayosomwa mbele ya Mwenyezi Mungu? Katika Suratul-Israi aya ya 13 na 14 tunaelezwa kwamba kila mtu atatolewa kitabu akikute kimefunguliwa, aambiwe akisome mwenyewe, na nafsi yake itatosha kuwa mhasibu wake. Na Suratul-Kahf aya ya 49 inatueleza wahalifu watakavyostaajabu kuona kitabu hakikuacha dogo wala kubwa. Programu za simu huja na kuondoka. Wunderlist, iliyokuwa mashuhuri sana duniani, ilifungwa mwaka 2020. Kitabu kile hakifungwi kwa namna hiyo, hakina kitufe cha kufuta, na kilichosogezwa kesho kinabaki kimeandikwa katika siku kilipoachwa.

Aidha, Mtume (SAW) aliwauliza maswahaba wake kama wanamjua muflisi ni nani, wakajibu ni asiye na fedha wala mali. Akawafahamisha, kama alivyopokea Imamu Muslim, kwamba muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini huyu alimtukana, huyu alimsingizia, huyu alikula mali yake, huyu alimpiga. Hapo watagawiwa thawabu zake, na zikimalizika kabla ya madeni, atatwikwa madhambi yao, kisha atupwe motoni. Mtazameni mtu huyo: orodha yake ya ibada ilikuwa imejaa tiki. Kilichomwangusha ni orodha ya watu.

Basi tufanyeje?

Sikuifuta programu. Kuifuta kungekuwa kuisingizia simu kosa la moyo. Nilichofanya ni kubadili namna ya kuitumia, na haya ndiyo ninayoyashauri kwa ndugu zangu, baada ya kujiusia mwenyewe.

Kwanza, haki za watu zitangulie. Deni, ahadi, mgonjwa wa kutembelewa, mzazi wa kupigiwa simu, mtu aliyekuomba msikilizane. Hizi ziwekwe juu kabisa. Kazi ya ofisini ina bosi wa kuidai. Mnyonge hana kengele, atanyamaza na kuondoka.

Pili, kila jioni tusianze kutazama tulichokimaliza, tuanze na tulichokisogeza. Jambo likisogezwa mara tatu, jiulize kwa nini unalikimbia. Mara nyingi utakuta ndilo lenye mtihani wako. Mimi nimejiwekea kanuni: likifika mara ya tatu, halisogezwi tena. Ama nilifanye siku hiyo, ama nimwendee mwenyewe nimwambie siwezi, atafute mwingine.

Tatu, tuwe waangalifu na neno kesho. Katika Suratul-Kahf aya ya 23 na 24 tunafundishwa tusiseme kwamba tutafanya jambo kesho bila ya kuliambatanisha na utashi wa Mwenyezi Mungu. Sisi tumeigeuza inshaallah kuwa njia ya kumtoroka mtu, ilhali imewekwa kumkumbusha mja kwamba hiyo kesho si mali yake. Nilipomwambia kijana inshaallah, niliitumia kama kitufe cha kusogezea.

Nne, ibada tuzipunguzie tiki na tuzizidishie moyo. Mama wa Waumini Aisha (RA) amepokea kutoka kwa Mtume (SAW) kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa kidogo. Kudumu ni jambo jema, na kama simu inakukumbusha, vizuri. Lakini mimi nimeziondoa hesabu za siku za kufululiza, na badala ya juzuu yenye haraka nasoma kurasa chache ninazozielewa. Wala picha ya skrini haitoki tena.

Tano, wasia uandikwe. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abdullah bin Umar (RA) kwamba Mtume (SAW) amekataza Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa. Wangapi kati yetu tuna orodha ya manunuzi ya sokoni, na hatuna karatasi inayosema tunadaiwa na nani? Hii nayo ni kazi ya kuingizwa leo na kutiwa tiki leo.

Sita, usiku kabla ya kulala, simu iwekwe pembeni. Hesabu ya mwisho ifanywe bila ya skrini, baina yako na Mola wako, kama alivyoelekeza Imamu Ghazali. Palipo na heri ushukuru, kwani si kwa ujanja wako. Palipo na kosa utubie, na kama kosa ni la haki ya mtu, toba haikamiliki mpaka umwendee mwenyewe.

Ule mstari wa kijana wa kidato cha tatu bado umo kwenye simu yangu. Sikuutia tiki. Nimeuacha mwekundu makusudi, juu ya orodha, na kila asubuhi nikiifungua ndio wa kwanza kuuona. Wenzangu wakiuona huniuliza mbona hii kazi haiishi. Nawajibu kwamba muda wake umepita, na kwamba nangojea kuulizwa.

Ewe ndugu yangu Muislamu, dada yangu Muislamu, kabla hujaliweka gazeti hili, fungua simu yako au daftari lako, au itazame kumbukumbu yako kama huna vyote viwili. Kuna jambo la mtu ulilolisogeza. Unalijua. Mwenyewe bado yupo hai, na wewe upo hai. Mpigie leo, inshaallah ya kweli.

Ewe Mola wetu, usituache na nafsi zetu hata kwa kupepesa jicho. Tujaalie ikhlasi katika amali zetu, tusamehe tulipowapuuza waja wako, na uturidhishie wale tuliowadhulumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.